Hakuna mkono wa mtu: kwa nini ni upande wa kushoto kila mara

Swali la msomaji wa Tanga: "Assalamu alaikum daktari, na shikamoo. Mke wangu ana mimba ya wiki 30, kliniki wamemwambia alalie ubavu wa kushoto. Dada yake alipojifungua mwaka juzi, mguu wa kushoto ulivimba, ikaonekana damu imeganda ndani. Na mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita niliambiwa mishipa ya korodani ya kushoto imevimba. Sasa mama mkwe anasema mambo matatu upande mmoja si bure, hapa kuna mkono wa mtu. Je, kuna nini huko kushoto? Na hiyo mishipa wanayoitaja kila siku ni mishipa ipi hasa?"

Waalaikumu salaam, marahaba. Mungu awajalie mama na mtoto watoke salama.

Mama mkwe amekosea mahali pamoja tu. Kushoto kuna jambo kweli, ila halikutumwa na mtu. Unalo wewe, analo mkeo, ninalo mimi, na mama mkwe mwenyewe analo tangu hajazaliwa. Bomba kuu linalotoa damu moyoni hushuka upande wa kushoto wa uti wa mgongo, na bomba kuu linaloirudisha hupanda upande wa kulia. Kwa hiyo damu inayorudi kutoka mguu wa kulia hupanda moja kwa moja, lakini ya mguu wa kushoto, figo ya kushoto na korodani ya kushoto lazima kwanza ivuke katikati ya mwili. Ni kama watu wawili wanaoishi kandokando ya barabara kuu: mmoja kituo cha basi kiko mbele ya mlango wake, mwingine lazima avuke. Wote hufika mjini, lakini anayevuka ndiye huchelewa, na ndiye hugongwa.

Kabla sijaenda mbali, hilo neno mshipa. Kiswahili kimelibebesha mizigo mingi. Mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, mshipa ni ule uliokaza shingoni baada ya kulala vibaya (huo kwa kawaida ni msuli), na tukisema fulani "ana mshipa" mara nyingi tunamaanisha ngiri au busha. Nimewahi kuona mzee aliyeletwa na wanawe afanyiwe operesheni ya "mshipa", na kila mtoto alikuwa na mshipa wake kichwani. Wewe ulichoambiwa kwenye korodani ni mishipa ya damu, na tena si ya aina yoyote, ni vena. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini. Vena ni unaoirudisha. Tofauti ni hiyo tu, ya mwelekeo. Watu hupenda kusema ateri ina damu nyekundu na vena ina damu nyeusi, na sehemu kubwa ya mwili ni hivyo, lakini ateri inayokwenda mapafuni hubeba damu nyeusi kwa sababu inakwenda kuchukua hewa. Hata ndani ya kitovu cha mwanao hivi sasa mna ateri mbili na vena moja, na iliyobeba damu safi kutoka kondo la nyuma ni hiyo vena.

Ukitaka kuyaona mabomba yenyewe, huna haja ya kitabu. Utakapochinja mbuzi wa akika inshallah, simama karibu. Tumefundishwa kwamba mchinjaji akate koo la hewa, umio na mishipa miwili ya shingo. Katika kila upande wa shingo ateri na vena hulala jirani, kisu kikapita kwa zote. Ile damu inayoruka kwa mapigo ni ya ateri. Ile inayomwagika bila mapigo, nzito kwa rangi, ni ya vena. Halafu akika hukatwa kwenye viungo bila kuvunja mifupa, na hilo linatufaa: uti wa mgongo hubaki mzima. Mwombe mchinjaji atoe matumbo taratibu, kisha tazama katikati ya figo mbili. Utaona mabomba mawili yamelala sambamba juu ya mifupa ya mgongo. Moja ni jeupe, nene, ukilikata mdomo wake unabaki wazi kama mpira wa kumwagilia bustani. Hiyo ndiyo aota. Jirani yake kuna jingine pana lakini jembamba la ngozi, ukishatoka damu linalala bapa kama mfuko wa nailoni uliolowa. Hiyo ni vena kava ya chini. Ya kwanza iko upande wa kushoto wa mbuzi, ya pili kulia. Kwako wewe ni vivyo hivyo.

Lishike hilo la unene wa ngozi, kwa sababu majibu yako yote yamesimama juu yake. Aota hupokea pigo la moyo lenyewe, kama mililita 70 kila pigo, lita 5 hivi kwa dakika ukiwa umepumzika. Imejengwa kwa tabaka za nyuzi zinazonyumbuka na haibonyezeki kirahisi. Vena hupokea damu iliyokwisha nguvu. Haina presha ya maana, ngozi yake ni laini, na chochote kizito kikiilalia, inakubali. Vena na ateri zikikutana penye nafasi finyu, anayebanwa siku zote ni vena.

Kwa nini basi tumeumbwa upogo hivyo? Mwanzo hatukuwa upogo. Kijusi cha wiki chache kina mishipa mikuu ya jozi, kushoto na kulia sawasawa, kama mbavu. Kadiri kinavyokua, mishipa mingi ya jozi hizo hunyauka. Kwa ateri, upinde wa kushoto ndio unaobaki ukawa aota, na mabaki ya ule wa kulia huingia katika ateri ya mkono wa kulia. Kwa vena ni kinyume: za kulia hubaki zikawa vena kava mbili, ya juu na ya chini, za kushoto nyingi hufa. Ndege waliamua vingine, aota ya kuku hupindia kulia. Na kuna binadamu wachache, kama mmoja katika kila elfu kumi, ambao kila kitu kimegeuka kama kwenye kioo, moyo umeelekea kulia na ini liko kushoto, na wengi wao huishi miaka yote bila kujua.

Sasa twende kwenye vivuko. Viko vitatu vikubwa. Cha juu kiko kifuani, ambapo vena inayokusanya damu ya mkono wa kushoto na upande wa kushoto wa kichwa hupita mbele ya matawi ya aota kwenda kujiunga na mwenzake wa kulia. Ya kushoto ina sentimita 6 hivi, ya kulia haifiki hata nusu. Kivuko hiki husumbua madaktari kuliko wagonjwa: mgonjwa wa figo anapowekewa mpira wa kusafishia damu shingoni, tunapenda kuupitisha kulia, kwa sababu kutoka shingo ya kulia hadi moyoni ni mteremko mnyoofu, na kutoka kushoto kuna kona. Tukiacha hapo, viwili vilivyobaki ndivyo vyenu.

Kivuko cha figo ndicho chako wewe. Figo ya kulia iko jirani kabisa na vena kava, vena yake ni fupi, sentimita 2 hadi 4. Figo ya kushoto lazima ipeleke vena yake mbele ya aota, na hapo juu yake kuna tawi jingine la aota linaloteremka kwenda kwenye utumbo mwembamba. Vena hupita katikati ya hizo ateri mbili kama kidole kilichowekwa kwenye koleo. Kwa watu wengi koleo liko wazi vya kutosha. (Urefu huo una faida yake: anayejitolea figo, madaktari wa upandikizaji hupenda kuchukua ya kushoto, maana vena ndefu ni rahisi kuishona kwa mpokeaji.)

Vena ya korodani ya kulia hupanda mpaka kwenye vena kava na kuingia humo kwa mlalo, kama njia ya mtaani inavyojiunga na barabara kuu kwa kupinda taratibu. Ya kushoto ni ndefu zaidi, na haiingii kwenye vena kava. Inaingia kwenye vena ya figo ya kushoto, tena kwa kona ya mraba. Kwa hiyo damu yako ya kushoto ina safari ndefu ya kupanda, inafika kwenye kona kali, halafu inangoja foleni ya figo ivuke kwanza. Ukiwa umesimama siku nzima, nguzo yote hiyo ya damu inalemea chini. Vilango vya ndani ya vena vikishindwa, damu inarudi nyuma, mishipa inatanuka, na ukigusa unahisi kitu kama tambi zilizopikwa ndani ya mfuko.

Hivyo vilango unaweza kuviona leo jioni mkononi mwako. Funga kitambaa juu ya kiwiko, si kwa kukaza sana, kunja na kunjua ngumi mpaka vena za mkono zitokeze. Utaona vinundu hapa na pale, kama vifundo vya mwanzi. Hivyo ndivyo vilango. Chagua vena moja, ibonyeze kwa kidole upande wa kiganja usiachie, kisha kwa kidole cha pili sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko mpaka upite kinundu kimoja. Ondoa kidole cha pili. Kile kipande kitabaki kitupu, damu iliyo juu hairudi. Achia sasa kidole cha kwanza, kitajaa papo hapo kutokea chini. Jaribio hili lina umri wa miaka karibu 400. William Harvey wa Uingereza alilichora katika kitabu chake cha 1628, na ndilo lililomsaidia kuonyesha kwamba damu huzunguka, wakati matabibu wa Ulaya walikuwa bado wanaamini inatengenezwa ndani ya ini na kuisha mwilini kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Njia ya damu kupitia mapafu ilikuwa imeshaelezwa na Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo, katika karne ya 13.

Turudi kwako. Hali yako wanayo wanaume wengi, kama 15 katika kila mia, na karibu wote huwa kushoto au kushoto zaidi. Hofu kubwa huwa ni uzazi, kwa sababu korodani hufanya kazi vizuri ikiwa na joto pungufu kidogo kuliko mwili, na damu iliyotuama huongeza joto. Lakini mkeo ana wiki 30, nawe unaniuliza mimi? Kama huna maumivu na korodani haisinyai, hakuna cha kukimbilia. Ningekuwa na wasiwasi kama ingekuwa kulia peke yake, au imetokea ghafla ukubwani, au haipungui hata ukilala chali. Vena ya kulia haina sababu ya kujaa, ikijaa yenyewe tunatafuta kilichoibana huko juu tumboni, na figo hupigwa altrasaundi siku hiyo.

Ubavu wa kushoto wa mkeo ni habari nyingine kidogo. Hapa hakuna kivuko, kuna mzigo. Mwishoni mwa mimba mji wa mimba pamoja na mtoto, maji na kondo hufika kilo 5 hivi. Akilala chali, mzigo huo hukaa juu ya uti wa mgongo, na kati ya mzigo na mfupa kuna aota na vena kava. Aota huvumilia kwa sehemu kubwa. Vena kava, ule mfuko wa nailoni wa mbuzi wetu, hubanwa mpaka karibu izibe. Damu ya miguu hutafuta vichochoro vya pembeni ya uti wa mgongo, lakini inayofika moyoni ni kidogo, na moyo hauwezi kutoa usichopokea. Wanawake wengine ndani ya dakika chache huona kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu, presha inashuka. Akigeuka ubavu, mzigo unaanguka upande na yote hukwisha.

Kwa nini kushoto? Kwa sababu vena kava iko kulia, akilalia kushoto mzigo unaondoka juu yake. Kwa hesabu ni sahihi. Ila msimfanye mama wa watu akose usingizi kwa ajili ya hesabu. Tafiti za miaka ya karibuni juu ya usingizi wa wajawazito zimeonyesha kwamba jambo la kuepuka baada ya wiki 28 ni kulala chali, na kwamba ubavu wa kulia haukuonekana kuwa na hatari zaidi ya wa kushoto. Aanze kwa kushoto, akichoka ageuke kulia, mto mdogo nyuma ya mgongo umzuie kurudi chali. Akiamka usiku akajikuta chali, ageuke tu alale. Nimeona waume wanaokaa macho na tochi ya simu wakilinda ubavu. Usiwe mmoja wao.

Shemeji yako ndiye aliyepatwa penye kivuko cha tatu, na hiki ndicho kibaya zaidi. Karibu na usawa wa kitovu aota hugawanyika mara mbili, ateri moja kwa kila mguu. Kwa kuwa aota iko kushoto, ateri ya mguu wa kulia lazima ikate kwenda kulia. Na kwa kuwa vena kava iko kulia, vena ya mguu wa kushoto lazima nayo ikate kwenda kulia. Zinakutana njiani: ateri mbele, vena nyuma yake, na nyuma ya vena kuna pingili ya tano ya kiuno, mfupa mtupu. Vena imewekwa kati ya nyundo na jiwe, na nyundo hiyo hupiga zaidi ya mara 60 kila dakika, maisha yote. Virchow, tabibu wa Ujerumani, alishaona mwaka 1851 kwamba damu huganda zaidi mguu wa kushoto. Mwaka 1957 May na Thurner walitoa taarifa ya maiti 430 walizozipasua, na kwa kiasi cha 22 katika kila mia walikuta ndani ya vena hiyo vikuta na nyuzi za kovu, pale pale ateri inapopiga. Watu hao walikuwa wameishi nazo. Nyingi hazileti shida mpaka kitu kingine kiongezeke.

Mimba huongeza vitu vitatu kwa mpigo. Mji wa mimba unabana. Damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda, ndiyo hekima ya kumlinda mama asivuje damu siku ya kujifungua. Na mama hutembea kidogo. Hilo la kutembea si dogo. Ukisimama wima bila kujongea, presha ya vena kwenye kifundo cha mguu hufika kama 90, kwa kipimo kile kile cha mashine ya presha. Ukianza kutembea, misuli ya shavu la mguu huikamua vena, vilango vinazuia isirudi, na presha hiyo hushuka chini ya 30. Mwanamke aliyelazwa ndani siku arobaini bila kushuka kitandani amezimiwa pampu yake. Ndiyo maana kati ya wajawazito wanaopata damu kuganda mguuni, kwa wanane au zaidi katika kila kumi mguu ni wa kushoto.

Kwa mama mkwe nina mawili ya kumalizia mjadala. Akikuambia moyo ndio uko kushoto, hapana: umekaa katikati ya kifua nyuma ya mfupa, ncha yake tu ndiyo imeelekea kushoto, na ndiyo unayoisikia ikipiga. Na wale wa zamani wa Ulaya walioamini kuna mshipa unaotoka kidole cha pete cha mkono wa kushoto hadi moyoni, hawakupata kuuona. Damu ya kidole hicho hupita njia ile ile ya vidole vingine.

Jambo la mkeo ni hili. Yeye ni ndugu wa damu na aliyepata bonge hilo la damu, kwa hiyo alitaje kliniki wazi kabisa, maana kuna hali za damu kuganda ovyo zinazorithiwa na zinaweza kubadilisha matunzo yake. Akishajifungua atembee mapema, hata kama ni ndani ya ua. Na kama mguu mmoja, hasa wa kushoto, utavimba kuliko mwenzake, uwe na joto na kuuma kinenani au kwenye shavu la mguu, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Maji ya moto na mkono wa mkunga wa nyumbani ni vizuri kwa kiuno na tumbo, lakini mguu wa namna hiyo usikandwe wala usichuliwe na mtu yeyote, kwa sababu bonge likichomoka hapo lina njia nyeupe mbele yake: vena kava, moyo, halafu pafu. Akianza kuhema au kifua kumchoma ghafla, msingoje kupambazuke.